Salama ya Mzazi

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa Mkolani, Mwanza

Wakunga na wauguzi mliotoka zamu mkaja kuketi pamoja nasi, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti:

Hapa Mkolani, kama popote panaposemwa Kiswahili, habari ya mwanamke aliyejifungua huulizwa kwa neno moja, na kwa neno hilo hilo hujibiwa. "Amejifungua salama?" huuliza jirani aliye njiani kwenda stendi ya Nyegezi, "Salama, wote wazima," hujibu aliye kizingitini, na baada ya hapo huja hongera, huja uji, huja kuku, huja doti ya kanga, na habari ikafungwa. Nimekuja leo kulitazama neno hilo, kwa kuwa naona tumelitwisha mzigo uzidio nguvu zake, na nyuma yake yamejificha mambo ambayo waungwana hawapaswi kuyaacha gizani.

Adabu ya maamkizi yetu ina utaratibu wake. Mtu aliyeibiwa usiku, au aliyeamka na homa, au hata aliyefiwa, akiulizwa hali hujibu kwanza kwamba hali ni salama, maana hiyo ndiyo heshima ya mazungumzo. Kisha, baada ya kuvuta pumzi, husema "ila", na nyuma ya ila hiyo ndipo habari yenyewe hutoka. Salama, ila mtoto hakulala. Salama, ila mvua imeangusha ukuta. Kila mtu aliyelelewa katika lugha hii anajua kuingoja ila. Kwa mzazi peke yake hatuingoji: akisha kusema salama, tunamtua kuku, tunamwangalia mtoto sura amemfuata nani, tunaondoka.

Niruhusuni nitoe mfano, na mniwie radhi nisipotaja jina la mtu wala la mahali. Mimi si mkunga wala tabibu. Ni mwalimu mstaafu na bibi wa wajukuu. Mke wa mpwa wangu alishikwa na uchungu usiku wa manane, akapakiwa katika bajaji na beseni lake, kanga zake, mpira wa kulalia, pamba, wembe na uzi wa kufungia kitovu, na kesho yake mchana alirudi na mtoto wa kike mwenye afya. Nilimwuliza, akasema salama. Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, alikaa karibu nami jikoni akasema, "Mama, mimi sizai tena." Ndipo ila ilipotoka. Walilala wawili kitanda kimoja, bila pazia, na kila aliyekuwa na shughuli ya kupita alipita. Alipolia aliulizwa mbele ya wote mbona siku ile ya kuitafuta mimba hakulia. Aliongezewa njia pasipo kuambiwa, akashonwa kabla ganzi haijashika. Na kichwa cha mtoto kilipotokeza, alikuwa peke yake, akiita, wala hapakuwa na aliyeitika. Tangu siku hiyo, akisikia magurudumu ya kitanda au akinusa dawa ya kusafishia sakafu, moyo humwenda mbio na mikono humlowa jasho. Na siku za chanjo ni mama mkwe ampelekaye mtoto kliniki, kwa sababu mama mwenyewe hawezi kulivuka lango lile.

Katika daftari la kituo, uzazi ule umeandikwa kuwa salama, na mwandishi hakusema uongo: mama alikuwa hai, mtoto alikuwa hai, damu ilikuwa imekatika. Lakini kama kipimo chetu cha usalama kinaweza kumwandika mtu huyu kuwa salama na kumaliza shauri, basi kasoro iko katika kipimo.

Insafu yataka niseme kwanza mema yaliyotendwa, maana ni makubwa. Mwaka 1987, mkutano uliofanyika Nairobi ulianzisha juhudi ya dunia nzima ya uzazi salama, na baadaye serikali zetu zilipewa kazi moja iliyo wazi: kuwatoa wanawake majumbani na kuwafikisha mikononi mwa wataalamu. Kazi hiyo Tanzania imeifanya. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 uliona kwamba katika kila vizazi 100, vilivyotokea katika vituo vya afya vilikuwa 63; uchunguzi wa mwaka 2022 uliona 81. Vifo vya wazazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi ule wa kwanza, vilikadiriwa kuwa 104 katika huu wa pili. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna haki ya kujivuna kidogo, kwa sababu ule mpango wa m-mama, ambamo mzazi aliyezidiwa hupatiwa usafiri wa dharura kwa kupiga namba 115, na dereva wa kawaida wa kijijini hulipwa kumkimbiza hospitali, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kupelekwa nchi nzima. Mwenye kuyadharau mambo haya hakupata kuzika mzazi.

Lakini ushindi huo wenyewe umetuletea swali jipya. Maadam tumewaambia wanawake, kwa mahubiri, kwa mabango, na katika vijiji vingine kwa faini, kwamba wasizalie nyumbani, tumejitwika dhamana ya yale wanayoyakuta huko tulikowapeleka. Mwenye kumwita mgeni ndiye mwenye kujibu juu ya alivyopokewa.

Je, wanapokewaje? Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, wachunguzi waliendesha mradi waliouita Staha, na hakuna jina lililopata kukifaa kitu chake vizuri zaidi. Waliwauliza wanawake waliokuwa wakitoka hospitali kama walitendewa jambo la kuwavunjia heshima, na katika kila 100, kiasi cha 19 walikiri. Kisha wakawafuata wanawake majumbani wiki kadhaa baadaye, wakauliza tena, na hesabu ikapanda hadi 28. Yatafakarini mabadiliko hayo. Aliyeongezeka hapo ni mwanamke aliyesema salama langoni, mtoto mgongoni na muuguzi bado machoni, akangoja mpaka akaketi kwake, ndipo akasema ila. Shukrani ya kuwa hai humfunga mtu kinywa. Naye anayezisoma shukrani hizo kama radhi, anajidanganya.

Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Diana Bowser na Kathleen Hill, waliyakusanya maovu ya chumba cha uzazi wakayapanga katika mafungu saba: kupigwa, kutendewa jambo bila ridhaa, kuvuliwa siri, kutwezwa kwa maneno, kubaguliwa, kuachwa peke yake, na kuzuiliwa kituoni kwa ajili ya deni. Sidhani kama katika ukumbi huu kuna mwanamke aliyezaa ambaye hakukuta walau fungu moja alilolijua kabla halijatajwa na wataalamu. Nayo mengine hatuyahesabu hata kuwa maovu. Kofi la paja, kwa mfano, husemwa kuwa ni la huruma, kwamba mama asipochapwa atamwua mtoto. Kukandamizwa tumbo ili mtoto ashuke huitwa msaada, ingawa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, halikushauri jambo hilo, kama lisivyoshauri kuongezea njia kila mwanamke kwa mazoea. Mwongozo huo huo umeshauri kwamba mzazi awe na mwenzi amtakaye wakati wote wa uchungu. Hapa Mwanza neno "sukuma" ni jina la watu na la lugha tamu. Chumbani mle limekuwa amri inayotolewa kwa ukali, mara nyingine kwa mama ambaye njia yake haijafunguka bado.

Najua kwamba wapo watakaosema: haya yameletwa na hospitali, turudi kwa wakunga wa jadi na faraja ya nyumbani. Mimi nimezaliwa nyumbani, na siwezi kuitia chumvi nyumba ile. Ni kweli kwamba mwanamke alikuwa na mama yake kichwani na shangazi yake miguuni, na hakuna aliyemwacha peke yake. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu, uchungu ukikawia, ilisemwa kwamba mwanamke ana dhambi ya siri, akatakiwa aungame majina ya wanaume, ilhali mtoto amelala vibaya tumboni na kila saa inayopita inamkaribisha na kaburi. Hiyo nayo ilikuwa jeuri. Tofauti ni kwamba ilivaa kanga tuliyoizoea. Tusiyatafute maponyo yetu nyuma tu, wala mbele tu. Nyumbani tuchukue ule mkono usiomwachia mzazi. Hospitali tuchukue elimu. Kisha tuviweke katika chumba kimoja.

Sasa nataka kusema juu ya jeraha lenyewe, kwa kuwa halionekani. Ng'ambo ya ziwa hili, Waganda wana jina la kale, amakiro, kwa maradhi ya akili yampatayo mwanamke baada ya kuzaa. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliyekuwa Uganda, aliyachunguza maradhi hayo na huzuni za wazazi wa sehemu zile. Aliporudi kwao alishirikiana na wenzake kutunga maswali kumi ya kumtambua mama mwenye sonona, yaliyotolewa mwaka 1987 na kuitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, nayo leo hutumika duniani kote. Nayapenda mambo mawili katika habari hii. La kwanza ni kwamba elimu hiyo, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ya Kizungu, mguu wake mmoja ulikanyaga pwani ya ziwa letu. La pili ni kwamba watu wetu walilijua jeraha hilo wakalipa jina, lakini jina lile lilibeba shutuma, maana ilisemwa kuwa mwanamke amelipata kwa sababu ya kutotulia wakati wa ujauzito. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote: tunaliona jeraha, kisha tunamshitaki aliyejeruhiwa. Leo hatusemi amakiro. Tunasema anadeka, tunasema ni mvivu, tunamkumbusha kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, methali ambayo nina shaka kama aliyeitunga alipata kuingia leba.

Wala heshima si pambo la kutiwa juu ya tiba baada ya tiba kukamilika. Mwili wa mzazi huongozwa na homoni ile inayokaza mji wa mimba. Hofu inapozidi, homoni za kujihami huinuka na uchungu huweza kulegea, hata mwanamke aliyekuwa akienda vema akasimama. Kadhalika, aliyetukanwa mara moja haiti mara ya pili. Naye asiyeita ndiye avujaye damu chini ya kanga mpaka godoro linapolowa. Na upande wa pili umethibitika: majaribio 26 yaliyokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mzazi aliye na mtu wa kukaa naye muda wote huelekea kuzaa kwa njia ya kawaida zaidi, kupasuliwa kidogo zaidi, kukaa na uchungu muda mfupi zaidi, na kubaki na kumbukumbu njema zaidi. Kama mkono wa dada ungekuwa kidonge, kingekwisha kuagizwa kwa makasha.

Majirani zetu wamelipeleka jambo hili mbele ya kadhi wa dola. Nchini Kenya, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni, kulivunja haki zao, na ikaamuru walipwe fidia. Mwaka 2018 mahakama hiyo, ikiketi Bungoma, ilimpa shilingi milioni 2.5 za Kenya mama aliyejifungulia sakafuni katika ujia wa hospitali mwezi wa Agosti 2013, kisha akatukanwa na kupigwa kwa kuchafua sakafu. Miezi michache tu kabla ya kisa hicho, serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuzaa ni bure; mlango ukafunguliwa kabla vitanda havijaongezwa. Na mwaka 2020, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Sisi nasi tunayo Katiba, ambayo ibara yake ya 12 inamtambua kila mtu kuwa astahili heshima ya utu wake, na ya 13 inapiga marufuku kumtweza mtu. Na sijaona mahali iliposema kwamba haki hizo husimama mlangoni mwa leba na kungoja nje kama waume.

Hata hivyo sikuja kuwahukumu wakunga, nanyi mliokuja leo mmenisaidia kulisema hili. Mkunga mmoja, usiku mmoja, wanawake sita wanaopiga kelele, taa inayozimika, glavu zinazokwisha, na juu ya yote hayo, barua ya kujieleza inayomngoja kama mmoja atafariki: huyo hawezi kuwa na subira isipokuwa kwa miujiza, na serikali haijengwi juu ya miujiza. Mtu asiyetendewa heshima hana akiba ya kuitoa. Ndiyo maana napendezwa na kilichofanyika katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako kijitabu cha mfukoni cha kufuatilia uchungu, kilichotungwa pamoja na watumishi wa hospitali hiyo kwa kuizingatia dhiki waliyo nayo, pamoja na mafunzo mafupi ya kurudiarudia, kilifuatiwa na kushuka kwa idadi ya watoto wazaliwao wafu kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Huko hakuna aliyewakemea wakunga. Waliulizwa wanahitaji nini.

Na Tanga ile ya Staha ilionyesha kwamba tabia hugeuka: jamii na watumishi walipokaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma, na watumishi wakatengeneza kasoro za wodi zao wenyewe, uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ulipungua kwa karibu theluthi mbili ukilinganishwa na pale ambapo hakukufanywa kitu. Nchini Kenya mradi uliokwenda kwa jina la Heshima ulipunguza malalamiko kutoka 20 hadi 13 katika kila wazazi 100.

Nini basi tukitake sisi? Nitataja mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni pazia. Tunakaa Usukumani, nchi itoayo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na ni aibu kwamba mwanamke wa nchi ya pamba akose kitambaa cha kumsitiri saa anayokihitaji kuliko saa zote. Nalitanguliza kwa sababu lafungua mlango wa la pili, yaani mwenzi wa mzazi. Kila tukiomba mama aingie na dada yake, tunajibiwa kwamba haiwezekani, wenzake watatazamwa. Jibu hilo ni la haki, lakini dawa yake ni pazia, si kumfukuza dada. Kigoma waliruhusu wenzi katika vituo tisa tangu 2016 hadi 2018, na wanawake wakafurika kuitumia ruhusa hiyo. Kigoma si tajiri kuliko Mwanza.

La tatu ni idhini. "Mama, nataka kupima njia, niruhusu." Maneno hayo humalizika kabla glavu haijaingia kidoleni. Na kwa jambo zito zaidi, wembe au sindano, maneno yawe mengi zaidi, maana mwili ule si wa serikali.

La nne ni sikio. Wiki ya sita mtoto hupimwa, huandikwa, hupongezwa kwa kunenepa. Mama aliyembeba huulizwa kama damu imekata. Aulizwe pia analalaje, anaota nini, anaogopa nini. Na mwenye malalamiko asielekezwe kwenye sanduku la maoni ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayelalamikiwa, bali yafike katika kamati ya kituo, nayo kamati iwe na wanawake waliozalia hapo.

Nimesema mambo manne ya vituo; la mwisho ni la nyumba zetu, wala halihitaji bajeti. Katika nyumba mtakazozipita mkirudi usiku huu, kuanzia hapa barabara kuu mpaka milimani, hamtakosa mwanamke aliyejifungua hivi karibuni. Nendeni kesho mkamwulize hali. Atawajibu kuwa ni salama. Vueni viatu, ingieni, ketini kitako, mmpokee mtoto, mikono ya mama ipate kupumzika. Na hata kama itachukua mchana kutwa, ingojeni ila yake.